Damu ya Baba Haikuwa Inaisha

Kwa Millicent, Homa Bay
9 Machi 2025

Mpendwa kaka Maroa,

Pokea salamu zetu. Hujambo huko Mombasa? Susana na Bravin wanaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, ila nina hasira ambayo hata maombi hayajaipoza. Nimeshika kalamu kwa sababu kwa simu ungenikatia.

Unakumbuka picha ya majibu ya damu ya Baba niliyokutumia. Alipolazwa hapa mara ya kwanza, miguu imevimba na hawezi kulala chali, namba ilikuwa elfu tisa. Baada ya wiki tatu za dawa, na chakula kisicho na chumvi alichopikiwa na mkewe, mama mdogo Filister, ikashuka hadi elfu mbili. Daktari alifurahi, akamruhusu arudi nyumbani. Ile si hesabu ya damu, kaka. Inapima kitu ambacho moyo hukimwaga kwenye damu ukilemewa. Kikipungua, mgonjwa ana nafasi ya kuishi.

Wewe hukuniuliza. Ulimpigia Wangwe, ukamwambia: "Damu ya mzee inaisha. Angalieni huyo mama anampikia nini."

Unamjua mdogo wetu. Alionja mboga, akakuta haina chumvi, akaona ushahidi ameupata kwamba chakula hicho ndicho kinachommaliza Baba. Jumapili iliyopita, tumetoka tu kanisani, alimburuta mama mdogo kwa nywele kutoka jikoni hadi uani, akampiga kwa rungu. Nilisikia mfupa wa mkono ukivunjika. Akampiga tena akiwa chini, akifoka, "Sema! Damu ya baba umepeleka wapi?" Nilimuuma bega hadi nikaonja damu yake, na bado hakuacha.

Baba ndiye aliyemkomesha. Mtu asiyeweza hatua kumi bila kupumzika alikimbia, Maroa! Akajilaza juu ya mkewe. Pigo la mwisho lilimpata yeye mgongoni.

Tukamrudisha huku Homa Bay akihema, midomo imebadilika rangi. Namba sasa ni elfu kumi na nne. Daktari anasema ikipanda hivyo baada ya kushuka, wengi hawamalizi mwaka.

Wangwe amefungiwa polisi. Rungu lilikuwa lake, maneno yalikuwa yako. Nimesema, hata ukinichukia.

Mama mdogo ana plasta hadi begani. Tunakaa hapa kwa dada yake Millicent, na bado anapika, akikata sukuma kwa mkono mmoja. Lakini siku hizi, kabla ya chakula kupelekwa wodini, ananipa kijiko nionje mbele yake. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Nikionja, machozi yananitoka.

Baba anakuulizia kila asubuhi. Njoo. Na ukifika, pitia jikoni kwanza, ukionje chakula hicho mbele ya mama mdogo, ukimeze.

Msalimie Susana, mbusu Bravin. Millicent anawasalimu. Mungu akulinde njiani, na amwache Baba hadi ufike.

Dada yako akupendaye, hata leo,
Damaris