Ukurasa wa Mulango

Liège, 4 Februari 2024

Yaya Gisèle,

Salamu nyingi kutoka huku kwa baridi. Uko muzima? Watoto wanaendelea na masomo? Na maman, magoti yake yamepoa kidogo, ao bado anapanda ile muteremuko ya Nyalukemba kwa kujikokota? Miye niko muzima, namushukuru Mungu.

Kaa chini kwanza. Kitabu changu, ile bande dessinée ya michoro juu ya ndugu yetu Chris, kimechaguliwa. Huku Ubelgiji kuna prix moja, ni tuzo ya vitabu vya michoro vyenye kusimulia mambo ya kweli tu: maisha ya mutu, vita, familia. Hadithi ya kutunga hawaikubali. Jury, wale waamuzi, imebakiza vitabu vitano, na changu ni kimoja. Yaya, nililia katikati ya tramu mupaka mama mumoja muzungu akanipa mouchoir ya kupangusa machozi.

Padri Jean-de-Dieu anarudi Bukavu wiki ijayo, nimemupa vitabu viwili. Umutayarishe maman. Sikuficha kitu. Nimechora siku Chris alitoka nyumbani kwenda kuchimba zahabu Kamituga, na maman kwa mulango anamuambia: "Usirudi mikono mitupu." Ni yeye mwenyewe aliniambia kwa simu kisha ya mazishi. Ni neno gumu, lakini ni la kweli, na jury inasema ukurasa ule ndio moyo wa kitabu.

Mulisherehekee pamoja.

Mudogo wako,
Ornella


Bukavu, 11 Machi 2024

Mudogo wangu Ornella,

Tunakusalimia wote. Huku mvua haituachi, lakini tunapumua. Maman anakula vizuri, magoti ni yale yale. Pongezi. Nilichelewa kukujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Padri alileta vitabu. Maman alivaa lunettes kwa macho, akakaa karibu na dirisha, akaanza kupitisha kidole kwa kila picha. Alicheka sana kuona masikio ya Chris. "Huyu ni mutoto wangu kabisa!" Kisha akafika kwa ukurasa wa mulango. Pale Chris iko na mufuko kwa bega, na maman amenyoosha mukono kama mutu anayefukuza mbuzi. Akaangalia muda murefu. Akaniuliza:

"Gisèle, mukono wangu iko murefu vile?"

Akafunga kitabu, akaenda kuchambua maharagi.

Cha pili kiliazimwa na maman Eulalie wa shirika letu la parokia. Unawajua bamama. Kufika Dimanshi, nyuma yetu kanisani, mumoja alisema bila kupunguza sauti: "Kumbe ni yeye alimutuma mutoto kwa kifo." Maman hakuimba tena mupaka misa ikaisha.

Ornella, si maman aliyesema lile neno. Ni papa.

Nilikuwa pale, natwanga majani ya sombe. Papa alikuwa kwa meza, hata hakugeuka. Alisema tu: "Usirudi mikono mitupu," na Chris akatoka. Maman alimufuata miguu chini mupaka barabarani, na viazi viwili vya moto ndani ya pagne aliyojifunga, anamuomba arudi ndani. Chris alikamata viazi, lakini hakurudi. Na siku shimo lilibomoka juu yao kule Kamituga, unajua papa alivyokuwa: mwaka haukuisha, akapooza upande mumoja, hata machozi yalitoka kwa jicho moja tu.

Ni wakati ule ulipiga simu unauliza nani alimusukuma Chris. Maman alininyang'anya telefone, akakuambia: "Ni miye." Kisha akaniambia: "Ornella iko na hasira ya haraka. Akijua, hatamupigia papa yake tena. Na papa yenu Grégoire atakufa anangojea simu." Na wewe ulimupigia papa kila Dimanshi mupaka Mungu akamuchukua. Kwa hiyo nilinyamaza.

Sasa unajua. Lakini nakuomba, usifanye kitu chochote kabla ya kuongea na maman.

Yaya wako,
Gisèle


Liège, 19 Machi 2024

Yaya,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Miye silali vizuri, tuseme hivyo.

Nilisoma barua yako mara nyingi. Asubuhi nikaenda kuona watu wa prix. Niliwaambia: ukurasa ule si wa kweli, nimemusingizia mama yangu mbele ya dunia nzima, naondoa kitabu. Madame wa jury alikuwa mupole. Alisema wanaweza kungojea, nirekebishe mwaka kesho. Nikakataa. Éditeur wangu, yule aliyechapisha kitabu, alikasirika, lakini amekubali kuondoa vitabu kwa maduka. Mulango mupya nitauchora polepole, na papa kwa meza.

Muambie maman jina lake limesafishwa. Hakuna mutu atamusema tena. Nilitaka kumupigia, lakini nilikuwa naona haya. Umuambie wewe.

Mudogo wako,
Ornella


Bukavu, 14 Aprili 2024

Ornella,

Tuko wazima. Wewe je?

Nilikuomba kitu kimoja tu.

Ngoja nikueleze vile ilikuwa. Ile Dimanshi ingine, maman alisimama katikati ya shirika, mbele ya maman Eulalie na wote, akasema: "Ndiyo, ni miye nilisema. Munihukumu mukitaka, lakini mumuombee Chris." Na tangu siku ile bamama walianza kuja nyumbani. Si kwa kumuchukia. Wale ambao vijana wao walikwenda Kamituga wakabaki kule. Walikuja kuangalia kitabu. Maman alikuwa anawafungulia ukurasa kwa ukurasa, anawaeleza Kifaransa, anasema, "Hapa iko anacheza mupira, hapa iko anavuka muto na pikipiki." Nyumba ilikuwa na watu tena. Jirani yetu Destin alikuwa ameahidi kuleta telefone yake kubwa ili tuone sherehe ya prix, na maman alikwisha kushonesha kikwembe kipya cha kuvaa siku ile.

Ndipo nikamusomea barua yako.

Akaniuliza: "Nani alimutuma Ornella?"

Nikasema: "Maman, alitaka kusafisha jina lako."

"Jina langu? Niliomba anisafishie jina? Sasa anataka kumuchora papa yake. Grégoire iko chini ya udongo, hawezi kusimama mbele ya shirika na kujibu. Miye naweza. Lile neno nililikamata kwa sababu nilikuwa na mabega ya kulibeba." Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Na Chris, wamemuondoa pia?"

Nikamuambia ndiyo, vitabu vimetoka kwa maduka.

Akakunja kikwembe, akakiweka ndani ya sanduku. Usipige simu kwa sasa. Hatapokea.

Gisèle


Liège, 27 Aprili 2024

Yaya Gisèle, salamu kwako na kwa wote.

Nimepiga simu, na kweli hapokei.

Jana nilikwenda kwa sherehe, nikakaa nyuma kabisa. Kijana mumoja alishinda kwa kitabu juu ya nyanya yake. Ni kitabu kizuri. Nilipiga makofi. Karibu yangu, bibi mumoja alimuuliza mwenzake kitabu cha yule Mukongomani kilikwenda wapi, na sikuweza kusema ni miye.

Nilidhani kweli ni kitu mutu anarudisha tu mahali pake, kama kiti. Sikufikiri kwamba kuna mutu amekalia.

Nimemuomba éditeur arudishe kitabu namna kilivyokuwa. Ameniambia hapana. Kisha ya yale niliyotangaza miye mwenyewe, hakuna atakayekiuza tena kama kitabu cha kweli. Na papa sitamuchora. Muambie maman.

Ornella


Bukavu, 2 Septemba 2024

Mudogo wangu,

Usifikiri nilikusahau. Ni kazi, na pia kunyamaza kwa maman kuliingia ndani yangu vilevile. Anaendelea vizuri, anakwenda misa. Nilipomusomea kwamba papa hautamuchora, aliitikia na kichwa.

Nakuandikia juu ya kitu kimoja. Juma lililopita alikuja mama mumoja kutoka kule Kamituga, anaitwa maman Joviale. Alisikia kwamba hapa kuna kitabu chenye vijana wa lile shimo. Mutoto wake, Steve, alikuwa ndani siku ile ile, na hawakumufukua hata leo. Hana picha yake hata moja, nyumba yao iliungua.

Maman alimufungulia ukurasa ambapo Chris na wachimbaji wenzake wanakula chini ya shitingi ya kukinga mvua. Yule mama akaweka kidole kwa kijana wa kushoto, yule anayecheka kinywa wazi. Akasema: "Ni yeye." Akakaa chini, akaanza kuongea na karatasi kwa Kirega, lugha ya kwao, polepole, kama mutu anayegombeza mutoto aliyechelewa kurudi.

Maman alimupa kitabu. Cha pili kilikwisha kuchanika kwa maman Eulalie, kwa hiyo sasa nyumbani hatuna hata kimoja. Kabla ya kutoka, maman Joviale aliniomba nikuulize: ni Steve kweli ulimuchora? Anangojea jibu. Maman pia. Hii ni mara ya kwanza tangu Aprili anataja jina lako: "Muulize Ornella."

Gisèle


Liège, 13 Septemba 2024

Yaya,

Nawasalimia wote kwa moyo.

Wewe peke yako nitakuambia kweli. Simujui Steve. Yule kijana nilimutunga ili nafasi ya kushoto isibaki wazi. Kile kicheko ni cha mutu mumoja anayeuza gaufres, mikate yao ya sukari, karibu na gare ya treni hapa Liège.

Muambie maman Joviale ni yeye. Muambie Chris alinisimulia juu yake kwa simu, kwamba kulikuwa na Steve mumoja ambaye alikuwa anawachekesha wote wakati wa kula, ndiyo maana nilimuchora vile.

Na kama maman anakuuliza kama ni kweli, mupe telefone. Nitamujibu mwenyewe, namna yeye alinijibu miye siku ile.

Mudogo wako,
Ornella