Nimemficha Msiba Ili Afanye Mtihani

Mpendwa mshauri Bi Roshanara, naomba msaada wako, na ukiisoma barua hii redioni naomba usinitaje jina. Mimi ni mama Mrundi, naishi Scarborough, hapa hapa Toronto, na mume wangu, nimwite Télesphore, na watoto wetu, na tangu mwaka juzi tunakaa na binti aliye mwaka wa mwisho wa sekondari, nimwite Verna, ni Mwojibwe, wale wenyeji wenyewe wa nchi hii, ofisi ya elimu ya kwao ndiyo iliyomleta asome huku kwa sababu kijijini kwao kaskazini, ambako hufiki ila kwa ndege ndogo, shule inaishia darasa la nane. Kaka zake wawili walikuja mjini kabla yake, wote wakarudi nyumbani kuzika, na hakuna aliyerejea shuleni, kwa hiyo Verna akimaliza atakuwa wa kwanza kwao, na mimi nimehangaika naye, nimemwamsha asubuhi za theluji, nimekwenda kugombana na mwalimu aliyemwambia mbele ya wenzake kwamba watu wa kwao hawamalizi, mpaka ananiita anti kama watoto wa dada yangu.

Sasa Jumatano simu ya nyumbani ililia Verna, ambaye hana ya mkononi, akiwa maktaba, nikapokea, kumbe ni shangazi yake, akaniambia bibi amefariki, bibi yule yule aliyemlea, maziko ni Jumanne na wanamngoja, nimwambie apige simu upesi, nami nikajibu nitamwambia. Sikumwambia. Mitihani inaanza Jumatatu, na kwetu Bujumbura mwanafunzi aliye kwenye mtihani haambiwi msiba, hata mimi baba alipofariki niliambiwa nilipokwisha kuweka kalamu chini, na niliona wamenipenda. Lakini tangu siku hiyo silali, simu ikilia naruka niipokee mimi, shangazi amepiga tena nikasema binti anaumwa kichwa amelala, na jana Verna mwenyewe akaniuliza, "Anti, mbona nyumbani hawanipigii?" nikamwambia labda laini za kule zimeharibika. Naogopa nikimwambia ataondoka asirudi, naogopa nisipomwambia atajua, naogopa hata kumtazama akila. Télesphore anasema nimeyataka mwenyewe. Nifanye nini?

Mama Mwenye Hofu, Scarborough

*

Mama mpendwa, nimekuonea huruma, kisha nikakukasirikia, kisha nikakuonea huruma tena. Umemlea binti wa watu kama wako, hilo hakuna wa kukunyang'anya. Lakini hapo kwenye simu umekosea, tena umekosea vibaya.

Desturi hiyo naijua, hata kwetu Mwanza ilikuwepo. Ila uliwahi kumuuliza Verna wazee wake walisomea wapi? Vizazi kwa vizazi vya wenyeji wa nchi hii walichukuliwa wangali wadogo, wakapelekwa shule za bweni za mbali, na wapo waliokuja kujua mzazi amekufa wakati kaburi limeshaota majani, maana wakubwa wa shule hawakuona sababu ya kumwambia mtoto. Wewe umefanya kwa mapenzi, sawa. Yeye ataona kitu kile kile: shule, na mtu mzima aliyemwamulia. Ukitaka aichukie shule maisha yake yote, endelea kumficha.

Na hao kaka zake, una hakika ni maziko yaliyowakatisha masomo? Au walipotaka kurudi walikuta wameshafutwa shuleni, na hakuna mtu wa kuwasemea? Verna anaye wa kumsemea. Si ulishagombana na mwalimu? Kagombane tena.

Sasa nisikilize. Leo hii mwambie, kwa maneno machache, wala usianze na kujitetea. Bibi yake amefariki, wewe ulijua tangu Jumatano, unamwomba radhi. Akilia kaa naye, akikutukana nyamaza. Kisha mpigieni shangazi pamoja, naye umwombe radhi, na umuulize namna ofisi yao ya elimu inavyompatia mfiwa tiketi ya ndege. Jumatatu uwe mlangoni kwa mkuu wa shule kabla hajanywa kahawa yake, uombe mitihani ya Verna isogezwe, na usitoke mpaka upewe tarehe. Wakikataa, atarudia masomo hayo kiangazi. Cheti kikichelewa bado ni cheti. Na akikuruhusu kwenda naye, panda hiyo ndege ndogo. Utaogopa, lakini panda. Wafiwa wakuone uso, wajue mtoto wao anarudi kwa nani.

Nimebakiza moja. Kama nyumba yako ni kama zetu, asubuhi hii ya Jumamosi redio iko jikoni, na binti yupo hapo hapo anapaka mkate siagi, anasikia Kiswahili asichokielewa. Waswahili wote wa Toronto wameshajua bibi yake amefariki, isipokuwa yeye. Zima redio, mama, ukae naye.