Matumizi ya Nyumba za Wenzetu

Kharumwa, 3 Machi 2024

Kaka Ngusa,

Shikamoo. Huku hatujambo, Davis kikohozi kimemwacha. Hali yako siijui, maana simu zangu hupokei. Nimempa barua dereva mwenzako aifikishe Isaka.

Tangu tumzike wifi Hosiana ni mwezi wa nne, na nyumba yako ya Ibadakuli bado ina kufuli. Mama mkwe wako, huku kwetu Kharumwa, kagoma matanga yaanuliwe mpaka mume mwenyewe afungue mlango, nguo za marehemu zigawiwe. Mpaka siku hiyo halali kitandani, analala mkekani. Umri ule, kaka! Njoo.

Mdogo wako,
Nyamizi

Kigali, 19 Machi 2024

Mama Davis,

Marahaba. Mimi mzima kama tairi jipya. Shemeji hajambo? Bado mbahili?

Nyie wa Kharumwa mnadhani kila nyumba duniani inanunua mnachonunua. Hapa Kigali kodi ya chumba inameza mshahara kabla mkaa haujafika. Lusaka mama wa nyumba analipia umeme kwanza, unga baadaye. Lubumbashi wanaweza kulala njaa, lakini shati lazima lipigwe pasi! Na sisi Wasukuma? Tukipata tunanunua ng'ombe, halafu tunamtazama huku tunakunywa chai kavu. Wasomi wanaandikia vitabu mambo haya. Mimi wa darasa la tano nayasoma kwenye vikapu vya sokoni.

Nimenunua sufuria, vitenge, na yale mafuta ya nywele ya kopo la kijani. Vyote viko kwenye kabini ya lori.

Habari ya mlango tutaongea. Mizigo ni mingi.

Kaka yako,
Ngusa wa Nchi Tano

Kharumwa, 14 Aprili 2024

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima, mama mkwe wako si mzima. Mgongo umekaza, jana tumemwinua watu watatu. Nilimsihi apande kitandani, akanijibu, "Mwanangu hajaagwa, nipande kwenda wapi?"

Nyumba za Kigali umenieleza. Ya kwako inatumia nini? Na mafuta ya nywele ni ya nani, wewe mwenye upara?

Jumamosi tarehe 27 tutakuwa mlangoni kwako. Usipotokea, wazee watavunja kufuli.

Nyamizi

Ibadakuli, 6 Mei 2024

Mama Davis,

Marahaba kabla hujaniamkia. Natumaini basi liliwafikisha salama, na mama sasa analala kitandani. Mkande mgongo kwa maji ya moto.

Asante kwa kunishika kiwiko pale mlangoni nilipofungua kufuli. Gauni la kanisani la marehemu lilimkaa vizuri Rhoda, mdogo wake. Nililiona likitoka uani, nikangoja nisikie kitu moyoni. Sikusikia. Nikaendelea kuwatania wazee.

Leo nimekwenda dukani kwa Maige. Nikawapa habari za Lusaka, duka zima likacheka. Maige akauliza, "Haya, mzee wa nchi tano, mchele nikupimie kiasi gani?"

"Wa nyumbani."

"Nyumbani mko wangapi siku hizi?"

Mdogo wangu, nimeona akina mama wakipimiwa mpaka Kongo. Mtu mmoja anakula kiasi gani, sikujua. Nikamwambia apime kama zamani.

Nimepika wote. Sufuria iko hapa mbele yangu, imejaa. Kama kuna mtu wenu anakuja mjini, mwambie apite ale.

Kaka yako,
Ngusa