Nusu ya Mkeka

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mdomo umezoea.

Saidi alikuwa amenikasirikia. Ile picha niliyokupiga hapa Lupaso nilipokuja kutoka Maskati, alitaka tuipeleke mjini Mkomaindo kwa fundi wa picha aikate, ubaki wewe tu, tuitundike sebuleni. "Dada, nusu nzima ni mkeka mtupu!" Nikakataa. Tukagombana mpaka majirani wakaja kutuamulia, na arobaini yako bado. Utusamehe.

Unaikumbuka siku ile? Uligoma kupigwa picha ukibangua korosho. "Watu wa huko waseme Mama Zuhura hana nguo?" Ukaoga, ukajifunga kanga mpya, halafu ukaenda kukaa pembeni kabisa mwa mkeka. Na mimi na simu yangu: "Mama, sogea katikati. Sogea basi!" Wapi! Ukanuna, ukatazama kando. Nikasema moyoni, uzee huo. Nikapiga hivyohivyo, baada ya siku chache nikarudi kazini.

Safari hii nimefika umeshazikwa. Inaniuma, Mama, inaniuma sana.

Tukiwa bado matangani, mtani wetu Bi Somoe akaanza vituko vyake, si unamjua. Akajifunga kanga yako ileile, akakaa pembeni, akanuna kama wewe, huku akipigapiga mahali patupu: "Eti nisogee katikati! Kwani nimefiwa? Anayekaa katikati ya mkeka peke yake ni mfiwa. Hapa pa mwanangu, aweke simu chini aje akae!" Watu wakacheka hadi machozi. Nikacheka nao, kisha kilio kikanishika, nisiweze kunyamaza. Baadaye akaniambia hayo maneno ni yako, ulimwambia jioni ileile. Kwa nini hukuniambia mimi? Au uliniambia, nami nimeinamia simu?

Leo nimemweleza Saidi. Aliishika ile picha, akainama, akasema, "Basi itundikwe ilivyo." Haitakatwa, Mama. Nakuahidi.

Wageni wakiondoka nabaki mkekani peke yangu, katikati, mfiwa kweli. Lakini jioni hii nimesogea pembeni. Pumzika, mama yangu. Popote nitakapoutandika mkeka huu, upande wako nitakuachia.

Mwanao,
Zuhura