Kitabu Walichokutungia, Mwalimu

Mwalimu,

Shikamoo huko uliko. Wamekutungia kitabu. Ndiyo, hata mimi nilishika kichwa.

Ni mashairi mwanzo mwisho, na yote ni wewe. Mtunzi ni yule bwana wa Bunda ambaye riwaya yake uliichambua redioni, ukasema wahusika wake wote wanaongea kama tangazo la mkutano wa kijiji. Alinuna mpaka siku tunakuzika. Sasa ndiye mfiwa namba moja!

Ukurasa wa kwanza wewe ni taa. Wa pili, simba. Wa tatu umekuwa ziwa zima, na mawimbi juu. Wewe, uliyekuwaga unazunguka njia ya nyuma hapa Nyakato kukwepa bata wa jirani! Nimelitafuta humo lile sweta lako la kijani. Nimetafuta ulivyokuwaga unasoma kwa sauti huku unachambua dagaa, ukifika kwenye sentensi mbovu unasonya mpaka paka anatoka nje. Hamna. Vina vipo, mizani ipo, mtu hayupo. Takataka tupu. Nimekasirika mpaka nimelia.

Jumamosi wanakizindua Butiama, na mhakiki ni mimi, maana kipindi chako cha vitabu redioni wamenipa. Wahakiki wetu wa siku hizi ungewaona! Wanakaa meza kuu, wanapakuliwa kuku kwanza, wanafuta midomo, halafu wanasema kitabu "kinaelimisha jamii". Hata jalada hawajafunua. Wewe hukugusaga hata soda ya mwandishi kabla hujasema la kusema. Ulikuwaga unauliza, "Nikishakula kuku wake, nitamwambia nini?" Yupo binti wa Buhemba, kachapisha hadithi za machimboni kwenye steshenari, kurasa zimepinda. Nilipoanza kusoma chai ikapoa. Hakuna aliyemzungumzia, kwa sababu hakupika.

Yule bwana simwogopi hata kidogo. Niliyemwogopa ni Mama Bhoke, mkeo. Atakaa mstari wa mbele, kitabu wamempa zawadi. Nisimame mbele ya mjane niseme mashairi ya kumsifu mumewe hayafai? Nilishajiandaa kudanganya, Mwalimu. "Kinaelimisha jamii" ilikuwa tayari mdomoni, na nilijichukia.

Jana nikaenda kwake, nikamweleza yote. Akakirudisha kile kitabu mezani. "Rhobi, we sema. Wakimsifu hivi na wote mkanyamaza, nitaona kama nilizika mume wa mtu mwingine."

Basi nimekuahidi. Jumamosi kuku wao sitamgusa. Nitasema yote, kisha nitasoma ukurasa mmoja wa yule binti wa Buhemba, wapende wasipende.

Pumzika, Mwalimu wangu. Nimekukumbuka mno, hata kusonya kwako. Mama Bhoke ameniambia nisitafute sare ya uzinduzi kwa ajili yake. Atakuja amevaa lile sweta.

Mwanafunzi wako,
Rhobi