Kiti cha Kumlishia Salma

Jumanne, 3 Rajabu 1301

Mvua tena. Nimechonga tangu asubuhi mpaka adhuhuri, maua manne tu kwenye mwimo wa mlango wa tajiri. Mbao zimelowa, patasi inakwama.

Mchana binti yetu Salma kapaliwa. Mke wangu Mwanahawa alikuwa kamlaza miguuni, anamnywesha uji kwa kiganja kama tulivyonyweshwa sote na mama zetu. Uji ukaenda kusiko. Midomo ya mtoto ikageuka rangi. Nikamwinamisha, Mwanahawa akampiga mgongoni, akatapika, ndipo akalia. Sijapata kufurahi hivyo kusikia mtoto analia.

Hii ni mara ya tatu tangu mwezi uandame, na leo ni siku ya tatu ya mwezi. Ana mwaka na miezi minne, shingo imekaza lakini mgongo bado. Ukimkalisha anakunjika. Kakonda mpaka mbavu zinahesabika. Naogopa.

Alhamisi, 5 Rajabu

Nimewaza siku mbili. Akilishwa amekaa hatapaliwa. Basi anahitaji kiti, na mimi ni fundi wa kuchonga. Nilikuwa nangoja nini?

Mlango wa tajiri nimeuweka kando. Atafoka. Na afoke.

Jumatatu, 9 Rajabu

Kiti kimekwisha. Kiti cha enzi kidogo: mgongo mrefu, mikono miwili, pa kuwekea miguu, kirefu cha kutosha mama yake asiiname. Mgongoni nimetoboa nakshi kama za kiti cha bibi arusi. Majirani wamekuja kutazama. Siwezi kusema uongo, nilivimba kichwa.

Alasiri kafika mama mkwe kutoka Mlingotini, matope mpaka magotini. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Akakizunguka kiti mara mbili, akauliza arusi ni ya nani. Mwanahawa alicheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 10 Rajabu

Aibu. Salma kateleza chini ya mikono ya kiti kama samaki. Tukamfunga kwa shuka kifuani. Akazama, kidevu kikamlalia kifuani, akapaliwa ndani ya kiti changu kizuri. Uji umeingia kwenye nakshi zote. Jioni nimekuta sisimizi.

Jumatano, 11 Rajabu

Nimeomba sanduku tupu dukani kwa Mhindi, nikajaza mito pembeni. Kalala upande pamoja na sanduku. Hakuumia. Bakuli limevunjika.

Ijumaa, 13 Rajabu

Nilirudi kutoka msikitini nikamkuta mama mkwe uani, chini ya upenu, anachimba shimo. Shimo la kiunoni kwa mtoto. Akamtumbukiza Salma, akashindilia mchanga pande zote, polepole, kama mtu anayepanda mche. Alisema yeye na ndugu zake wote walifundishwa kukaa hivyo.

Salma alikaa. Mikono huru, kichwa juu, anatutazama. Alikula bakuli zima, kijiko baada ya kijiko, bila kukohoa hata mara moja. Mwanahawa aliingia ndani kulia. Namshukuru Mungu, na mama mkwe nilimshukuru kwa mdomo. Moyoni niliona wivu. Jembe lake limeishinda patasi yangu.

Jumatatu, 16 Rajabu

Siku tatu kala vizuri. Leo homa. Mchanga umelowa, baridi imempanda kifuani, anapumua kwa kelele. Hataki chochote.

Nimefanya jambo baya. Nimemwambia mama mkwe kwamba amemfukia mjukuu wake kabla hajafa. Nimeyasema hayo kwa mkwe wangu, mbele ya binti yake. Alichukua jamvi akalifunika shimo, akaenda kukaa karibu na mtoto. Mwanahawa hasemi na mimi. Ana haki.

Jumanne, 17 Rajabu

Homa imepungua kidogo, alhamdulillahi. Lakini kumlisha ni kule kule kwa kulala, na kapaliwa asubuhi.

Nilikwenda kulifukia shimo ili nisilione tena. Nikainua jamvi. Mchanga ule mbichi ulikuwa haujaporomoka. Umbo la Salma lote limo: makalio, mapaja mawili kila moja na njia yake, kigongo cha mchanga katikati yake, kiuno kilipobanwa. Mgongo umeshikwa chini tu. Juu hapana kitu.

Nikaweka jembe chini. Nimechonga viti miaka ishirini na sijui mtu anakaaje. Nilihangaika na mgongo mrefu, kumbe mtoto anashikwa kiunoni. Na kile kigongo katikati ya mapaja ndicho kinachomzuia kuteleza.

Nimepima kila kitu kwa uzi na vidole. Kisha nikaenda nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, nikaomba radhi. Aliniuliza kama nimekula.

Jumatano, 18 Rajabu

Sina mti. Nataka gogo zima, nene, la kuchimbwa ndani, lenye kitako kizito lisipinduke. Yote niliyonayo ni mabichi. Nimelijaribu moja, limepasuka kabla ya adhuhuri. Masika haya gogo kavu utalipata wapi? Nilimweleza Mwanahawa kwa hasira. Mama yake alikuwa anasikia. Akajitanda, akaondoka na mvua yake bila kusema anakwenda wapi. Nilidhani kachoka na mimi.

Alhamisi, 19 Rajabu

Karudi. Na punda wa kuazima, na juu ya punda kinu chake.

Nakijua kinu hicho. Alipewa na mama yake siku ya arusi. Katwanga humo mpunga wa watoto wote, Mwanahawa akiwamo. Kikavu kama mfupa. Mduara wake nimeupima kwa uzi wangu: umezidi kipimo cha Salma kwa vidole viwili tu.

Nilisema haiwezekani. Kwetu kinu hakikaliwi. Hata mtoto akikikalia kwa mchezo anafokewa, na aliyekuwa anafoka zaidi ni yeye mwenyewe.

"Ukishakikata si kinu tena, baba," kasema. "Kata."

Nikashika tezo. Pigo la kwanza alikuwa amesimama hapo. La pili alikwenda jikoni.

Jumapili, 22 Rajabu

Nimekata ukuta wa mbele, nimefungua njia mbili za miguu, nimeacha kigongo katikati. Nyuma nimeacha mpaka chini ya mbavu. Ndani nimesugua mpaka kiganja hakikwaruzwi. Kitako cha kinu sikukigusa. Hata ukikisukuma kwa mguu hakitikisiki. Nimekipandisha juu ya kigogo kipana, nikavikaza kwa vigingi, ili mdomo wa mtoto uwe sawa na mkono wa mlishaji aliyekaa kitandani.

Nilitaka kuchonga ua moja tu, mbele. Moja. Mwanahawa akaniuliza nani atakayekuwa anatoa uji kwenye nakshi kwa kijiti. Nikaweka patasi.

Jumatatu, 23 Rajabu

Hajapaliwa.

Jumanne, 24 Rajabu

Hajapaliwa. Tajiri kapita kuuliza mlango wake. Kafoka kama nilivyotazamia. Nilimsikiliza huku natabasamu, akazidi kukasirika.

Jumapili, 29 Rajabu

Siku saba. Leo Salma kakaa peke yake juu ya mkeka, kwa muda wa kuhesabu kumi, kisha akaanguka upande, akacheka. Mashavu yameanza kurudi. Mama mkwe anatwangia kwa jirani, kila asubuhi anavuka njia na ungo wake. Nimemwambia gogo la kwanza litakalokauka ni lake. Kasema nisijisumbue na maua.

Ijumaa, 4 Shaabani

Mvua imekatika. Baada ya sala nilikaa ukumbini, nikamtazama mama mkwe akimlisha Salma, Mwanahawa kamshikia bakuli. Uji wa mchele na tui. Kijiko, ngoja, kijiko. Hakuna aliyekuwa anaharakisha.

Katikati ya bakuli Salma kafumba mdomo. Mama mkwe kasogeza kijiko tena. Salma kausukuma mkono wake, akageuza uso upande.

Tulitazamana sote watatu. Mtoto huyu, akiwa hana homa, hajawahi kukataa chakula. Kabla ya kiti hiki kilikwisha kwa kupaliwa au kwa kulia au kwa sisi kuogopa.

"Kashiba," mama mkwe kasema.

Mwanahawa akaweka bakuli chini.