Twiga wa Ruma na Mbegu za Mama

Jumapili, Desemba 1995

Eti mwisho wa Februari! Mume wangu ameomba likizo ya kwenda mbuga ya Ruma bila kuniuliza, kama mtu asiye na shamba. Ni kweli, Februari nyasi za Ruma ni fupi, wanyama wanaonekana, na barabara bado haijawa matope. Hilo sipingi.

Lakini mvua ikiwahi je? Hapa nyumbani ni mwiko kuvuruga zamu: mama mkwe ndiye hupanda kwanza, halafu mimi, mke wa mwana mkubwa, ndipo wake wa shemeji zangu wafuate. Mimi niko mbugani natazama twiga, wao wananingoja na mbegu mkononi, wakinisema.

Nikamwambia achague Agosti. Akajibu, "Agosti nyasi ni ndefu. Utaona shingo tu."

Nilinuna. Mama mkwe alikuwa kando anachambua mboga. Kisha akauliza, "Hiyo gari ya kwenda Ruma inabeba watu wangapi?"

"Watano, Mama," mume wangu akajibu.

"Basi nami naenda. Mimi nisipopanda, nani atapanda?"

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Kumbe miaka yote hii naye alitaka kumwona twiga.

Ameshajitengea kiti cha mbele.